KUFUNDISHA JINSI PROGRAMU INAVYOITAMBUA SKRINI YAKE KATIKA KOMPYUTA ZILIZOUNGANISHWA

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi anapotakiwa kufundisha habari za kompyuta, mara nyingi hujiandaa kueleza vitu vinavyoonekana: skrini, kibodi, kipanya na sanduku la mashine yenyewe. Huwaonyesha watoto kila kifaa, huwatajia jina lake, na kuwataka walirudie pamoja. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Mtoto aliyefundishwa majina peke yake hubaki akiamini kwamba picha anayoiona katika skrini imetengenezwa na mashine ile iliyo karibu na skrini hiyo. Imani hiyo ni sahihi mara nyingi, lakini si mara zote, na siku inapokuwa si sahihi, mtoto hana la kusema ila "Mashine imekataa."

Tuliwahi kushuhudia siku ya namna hiyo tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mwanafunzi mmoja alikuwa na chumba chenye kompyuta chache zinazotumia mfumo wa Linux, nazo zilikuwa zimeunganishwa kwa mtandao. Akiwa ameketi mbele ya kompyuta yake, aliingia katika kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao, akaandika jina la programu ya kuchora iliyokuwamo humo. Dirisha halikufunguka. Badala yake yalitokea maneno machache ya Kiingereza yenye maana kwamba programu imeshindwa kuifungua skrini. Alirudia mara tatu, kisha akaliambia darasa kuwa mashine imeharibika, na watoto wakapewa maelezo ya kunakili. Msichana mmoja aliyekaa mbele alinyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, skrini gani?" Aliambiwa akae.

Swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe. Nasi tuliokuwa nyuma ya darasa tukiandika maoni hatukuwa na jibu lililo tayari. Makala haya tumeyaandika ili mwalimu atakayekutana na swali hilo asilinyamazishe. Kwanza tutalieleza jambo lenyewe, kwa kuwa mwalimu hawezi kufundisha asilolielewa. Kisha tutapendekeza njia ya kulifundisha kwa darasa la sita au la saba kwa chaki, karatasi na madarasa mawili, hata pale ambapo shule ina kompyuta moja tu au haina kabisa.

Asili ya jambo hili

Mwaka 1983 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, kilianzisha mradi ulioitwa Athena. Shabaha ya mradi huo ilikuwa kuwawezesha wanafunzi kutumia kompyuta zilizotawanyika chuoni kote. Tatizo lilikuwa kwamba kompyuta hizo zilitengenezwa na viwanda mbalimbali, na kila aina ilikuwa na namna yake ya kuchora katika skrini. Programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikufaa kwa nyingine.

Mwaka 1984 Robert Scheifler na Jim Gettys walianza kutengeneza mfumo wa madirisha walioupa jina la herufi moja, X. Walianzia katika mfumo mwingine ulioitwa W uliokuwa umetengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Toleo la kumi na moja, liitwalo X11, lilitoka mwezi Septemba mwaka 1987, na kanuni zake za mawasiliano zingali zinatumika hata leo.

Wazo kuu la mfumo wa X ni kuitenga kazi ya kufikiri na kazi ya kuonyesha. Programu inaweza kupiga hesabu zake katika kompyuta moja, na picha zake zikaonekana katika skrini ya kompyuta nyingine iliyo chumba cha pili, au hata mji wa pili. Programu yenyewe haishiki chaki. Hutuma maombi kama vile "fungua dirisha lenye upana huu" au "piga mstari kutoka hapa hadi pale". Anayechora ni mwingine.

Seva na mteja

Huyo anayechora huitwa seva, yaani mtumishi, naye hukaa katika kompyuta ile yenye skrini, kibodi na kipanya. Programu inayoomba kuchorewa huitwa mteja. Hapa walimu wengi hukosea. Tumezoea kusikia kwamba seva ni ile mashine kubwa iliyofungiwa katika chumba cha mbali, na kwamba mashine ndogo iliyo mezani ndiyo mteja. Katika jambo la kuonyesha picha, mpangilio huwa kinyume: mashine iliyo mbele ya mtumiaji ndiyo inayotumikia, kwa kuwa ndiyo yenye kitu kinachoombwa, nacho ni skrini.

Mradi uitwao LTSP, ulioanza mwaka 1999, unatupa mfano mzuri kwa upande wa shule. Katika mpango wake wa awali, kompyuta kuukuu zisizo na nguvu ziliwekwa madarasani na kuunganishwa na kompyuta moja kubwa. Programu zote zilitenda kazi ndani ya ile kubwa. Zile kuukuu zilichora tu na kupokea maandishi ya watoto. Mtoto aliyeketi mbele ya mashine ndogo hakuweza kutambua kwa macho kwamba kazi yake inafanyika kwingine. Sasa tuulize: ikiwa programu ishirini za watoto ishirini zote zimo katika mashine moja, kila programu hujuaje ni skrini ipi ya mtoto wake?

Anwani na sehemu zake tatu

Jibu ni kwamba programu haiitafuti skrini kwa kuchunguza waya. Hupewa anwani. Katika mfumo wa Linux na mifumo ya ukoo wake, kila programu inapoanza hupewa orodha ya maelezo mafupi yaitwayo mazingira. Kila elezo lina jina na thamani. Elezo moja huitwa DISPLAY, na thamani yake ndiyo anwani ya skrini. Programu ya X isipoambiwa vinginevyo na mtumiaji, husoma elezo hilo kabla ya kujaribu kufungua dirisha lolote.

Anwani kamili huandikwa hivi: maktaba:0.0

Sehemu ya kwanza, kabla ya nukta mbili, ni jina la kompyuta yenye skrini. Katika mfano wetu jina lake ni maktaba.

Sehemu ya pili, baada ya nukta mbili, ni namba ya kituo. Kituo ni skrini pamoja na kibodi na kipanya chake, yaani mahali pa mtu mmoja kuketi na kufanya kazi. Hesabu huanzia 0, si 1.

Sehemu ya tatu, baada ya nukta moja, ni namba ya skrini katika kituo hicho, kwa maana kituo kimoja chaweza kuwa na skrini zaidi ya moja. Siku hizi skrini mbili za kituo kimoja aghalabu huunganishwa na kuhesabiwa kama moja, kwa hiyo namba hii huwa 0 au huachwa kabisa.

Namba ya kituo ina kazi nyingine pia. Katika mtandao, kompyuta husikiliza maombi kwenye milango yenye namba. Mlango wa seva ya X hupatikana kwa kujumlisha 6000 na namba ya kituo. Kituo namba 0 husikiliza kwenye mlango 6000, na kituo namba 1 kwenye mlango 6001. Hesabu hii ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Sehemu ya kwanza ya anwani ikiachwa wazi, tukaandika :0 peke yake, maana yake hubadilika. Programu huelewa kwamba skrini imo katika kompyuta ileile inamotendea kazi, nayo haitoki nje kwenda mtandaoni. Katika Linux hupitia faili maalumu ya kukutania iliyomo ndani ya mashine, ambayo kwa kituo namba 0 huwa /tmp/.X11-unix/X0.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu hana budi kulishika vizuri. Anwani :0 ni kama neno "hapa". Mtu aliyeko Tabora akisema "hapa", maana yake ni Tabora. Aliyeko Tanga akilitamka neno lilelile, maana yake ni Tanga. Neno halikubadilika, aliyebadilika ni msemaji. Vivyo hivyo, anwani :0 ikichukuliwa kutoka kompyuta ya kwanza na kupewa programu iliyomo katika kompyuta ya pili, itaielekeza kwenye skrini ya kompyuta ya pili. Ikiwa mashine hiyo haina skrini, programu itashindwa. Ikiwa inayo na ruhusa ipo, dirisha litafunguka mbele ya mtu mwingine, naye atashangaa limetoka wapi.

Urithi wa mazingira

Programu hupata wapi orodha yake ya mazingira? Huirithi kwa programu iliyoianzisha, ambayo huitwa mzazi. Mtumiaji anapoingia katika kompyuta na kufunguliwa meza yake ya kazi, elezo la DISPLAY huwekwa. Kila programu atakayoianzisha hapo hupewa nakala, nayo huwapa nakala watoto wake. Mtoto akiibadili nakala yake, ya mzazi haibadiliki. Tena, mzazi akibadili yake baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto hapati habari.

Kwa hiyo ziko programu zinazoanza bila kupewa anwani hii. Kazi inayoanzishwa na mashine yenyewe kwa saa maalumu usiku haina mtu mbele ya skrini, kwa hiyo kwa kawaida haipewi. Vilevile mtu anayeingia katika kompyuta ya mbali kwa maandishi matupu huanzishiwa mazingira mapya huko aendako. Hii ndiyo sababu ya mkasa wa mwalimu mwanafunzi tuliyemtaja. Mashine yake ilikuwa nzima. Programu ya kuchora ilizaliwa katika kompyuta ya pili bila kuachiwa anwani, nayo ikasema kweli: haijui pa kuchora.

Programu nyingine huandaliwa kwa hali hiyo. Programu ya kuandikia iitwayo Emacs, kwa mfano, isipoikuta anwani ya skrini hufanya kazi kwa maandishi matupu ndani ya dirisha la amri. Programu ya kuchora haina njia hiyo, kwa hiyo husimama.

Kupiga hodi na kukaribishwa

Kuwa na anwani ya nyumba si ruhusa ya kuingia. Programu iliyosoma anwani hupiga hodi kwa seva. Katika maneno yake ya kwanza hutaja mpangilio wa tarakimu unaotumika katika mashine yake, kwa kuwa kompyuta hazifanani: nyingine huanza na sehemu kubwa ya namba, nyingine na sehemu ndogo. Hutaja pia toleo la kanuni inazofuata, na hutoa neno la siri.

Neno hilo la siri kwa kawaida ni namba ndefu, inayoandikwa kwa alama 32, ambayo huhifadhiwa katika faili ya mtumiaji iitwayo .Xauthority. Seva hulilinganisha na lile inalolijua. Yasipolingana, hodi hukataliwa. Yakilingana, seva hujibu kwa kuieleza programu mambo mengi: kituo kina skrini ngapi, kila skrini ina upana na urefu wa nukta ngapi na wa milimita ngapi, na inaweza kuonyesha rangi kwa kina gani. Ni hapo tu ndipo programu inapoyatambua kikamilifu mazingira yake ya picha. Kabla ya hapo ilikuwa na anwani tu.

Lazima tuonye juu ya tabia moja. Ipo amri, xhost pamoja na alama ya kujumlisha, inayoiambia seva imkaribishe kila apigaye hodi. Walio na haraka huipenda, kwa sababu makosa ya ruhusa hutoweka mara moja. Lakini kwa mpango wa X, aliyekaribishwa kwenye skrini aweza kuona picha zilizomo na hata kunasa herufi zinazobonyezwa katika kibodi, zikiwamo nywila. Kuiandika amri hiyo mbele ya darasa ni kuwafundisha watoto kuvunja mlango kwa kuwa ufunguo umechelewa. Kwa sababu ya hatari za namna hii, matoleo ya seva ya X yaliyotoka tangu mwaka 2015 hayafungui mlango wa mtandao mpaka yaagizwe.

Mjumbe wa siri

Ikiwa mlango wa mtandao umefungwa, programu ya mbali itaifikiaje skrini? Njia inayotumika leo ni mjumbe aitwaye SSH, aliyebuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Finland. Mtumiaji anapoingia katika kompyuta ya mbali kwa SSH na kuomba picha zipitishwe, kwa kuandika ssh -X badala ya ssh pekee, na kompyuta hiyo ikiwa imeruhusu jambo hilo, mjumbe hufanya kazi tatu.

Kwanza, hufungua mlango bandia katika kompyuta ya mbali. Kwa kawaida huanza na kituo namba 10, yaani mlango 6010, ili asigongane na vituo halisi. Pili, huiweka anwani katika mazingira ya mtumiaji huko mbali: localhost:10.0. Neno localhost maana yake ni "kompyuta hiihii", kwa hiyo programu hudhani skrini iko papo hapo. Tatu, kila ombi linaloingia katika mlango huo hulificha kwa fumbo, hulisafirisha hadi kompyuta ya mtumiaji, na hulikabidhi kwa seva halisi. Hata neno la siri analoliacha huko mbali si lile la kweli. Hulibadilisha kwa la kweli anaporudi nyumbani.

Kwa hiyo mwalimu mwanafunzi wetu alihitaji kuingia upya kwa ssh -X. Alama mbili tu zilimtenga na somo lake.

Mabadiliko ya karibuni

Walimu wanafunzi watakutana pia na jina Wayland. Huu ni mfumo mwingine wa kuonyesha picha, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na umo katika kompyuta nyingi mpya za Linux. Programu za Wayland husoma elezo liitwalo WAYLAND_DISPLAY, ambalo thamani yake mara nyingi ni wayland-0. Hilo ni jina la faili ya kukutania iliyomo katika folda ya mtumiaji, ambayo nayo hutajwa na elezo jingine liitwalo XDG_RUNTIME_DIR. Mfumo huu haukuwekewa njia yake yenyewe ya kupita mtandaoni. Ipo programu ya pembeni, waypipe, inayofanya kazi hiyo. Na programu za X zilizobaki huhudumiwa na seva ndogo iitwayo Xwayland, ndiyo sababu kompyuta moja yaweza kuwa na maelezo yote mawili. Majina yamebadilika, lakini mpango ni uleule: urithi, anwani, hodi, jibu.

Njia ya kufundisha

Somo hili lapaswa kupewa vipindi viwili vya dakika 40. Tunapendekeza andalio lifuatalo.

Shabaha. Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwamba programu na skrini yake zaweza kuwa katika kompyuta mbili, (b) kutaja sehemu tatu za anwani ya skrini, (c) kutofautisha kukosa anwani, kuwa na anwani isiyofaa, na kukosa ruhusa.

Zana. Ubao katika kila darasa kati ya madarasa mawili, chaki, vikaratasi hamsini hivi, na bahasha chache. Shule yenye darasa moja itumie ubao wa darasani na ubao mdogo uliowekwa chini ya mti.

Hatua ya kwanza: neno "hapa". Mwalimu amsimamishe mwanafunzi mmoja katika darasa la 6A na mwingine katika 6B. Kila mmoja atamke kwa sauti: "Ubao uko hapa." Awaulize wenzao: Je, wamesema jambo moja? Watoto wataona upesi kwamba maneno ni yaleyale lakini mbao ni mbili. Mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wabishane kidogo.

Hatua ya pili: kugawa kazi. Mwanafunzi mmoja wa 6A awe mlinzi wa ubao. Yeye peke yake ndiye ashike chaki. Huyu ni seva. Wanafunzi wanne walioko 6B wawe programu. Hawaruhusiwi kwenda 6A. Mwanafunzi mwingine apeleke na kurudisha vikaratasi, naye ndiye mtandao. Mwalimu ampe mlinzi neno la siri kwa kumnong'oneza.

Hatua ya tatu: programu nne. Mwalimu awe mzazi, awagawie programu urithi wao. Wa kwanza asipewe kitu. Wa pili apewe kikaratasi chenye :0 tu. Wa tatu apewe 6A:0.0 bila neno la siri. Wa nne apewe 6A:0.0 pamoja na neno la siri. Kila mmoja ajaribu kuchoresha duara kwa kutuma ombi.

Wa kwanza atasimama akisema hajui pa kupeleka. Wa pili atasoma "hapa", naye yuko 6B, kwa hiyo ombi lake litaangukia ubao wa 6B. Wa tatu atafika kwa mlinzi na kurudishwa. Wa nne atapokea kwanza kikaratasi chenye vipimo vya ubao, kisha duara litachorwa. Darasa liandike matokeo ya kila mmoja na sababu yake.

Hatua ya nne: habari kurudi. Mtoto wa 6A aliguse lile duara kwa kidole. Mlinzi aandike "Duara limeguswa" na kukirudisha kikaratasi kwa programu ya nne. Hapa watoto wataelewa kwamba kipanya na kibodi navyo ni mali ya kituo, na habari zake husafiri kwenda kwa programu.

Hatua ya tano: mjumbe. Mwalimu afunge mlango wa 6A, na aruhusu aingie mjumbe mmoja tu mwenye bahasha iliyofungwa. Awekwe mwenzake katika 6B mwenye kibao kilichoandikwa 6B:10. Programu zipewe anwani hiyo. Zitadhani ubao uko 6B, lakini maombi yatatokea katika ubao wa 6A. Awaulize watoto: Nani anajua yaliyomo katika bahasha ikiwa njiani?

Hatua ya sita: mashine yenyewe. Ikiwa ipo kompyuta ya Linux, mwalimu afungue dirisha la amri na kuandika echo $DISPLAY. Watoto wasome jibu na kulichambua sehemu kwa sehemu. Yafaa mwalimu ajaribu amri hiyo siku moja kabla ya somo.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuanza na majina magumu. Neno DISPLAY litajwe baada ya mchezo, si kabla. Mtoto aliyekwisha kushika kikaratasi cha anwani atalipokea jina kwa urahisi.

Kosa la pili ni kumpa kila mtoto anwani iliyo sahihi ili mchezo uende vizuri. Programu tatu zinazoshindwa ndizo zinazofundisha zaidi ya ile moja inayofaulu. Mwalimu anayeogopa kushindwa mbele ya darasa ataziondoa, na somo litabaki maigizo.

Kosa la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kusema "imeharibika" kabla ya kuuliza. Ujumbe wa kosa ni sentensi, nayo ina maana. Mwalimu aisome kwa sauti, aifasirie darasa kwa Kiswahili, kisha aulize maswali matatu kwa utaratibu: Programu imepewa anwani? Anwani hiyo inaelekeza wapi ikisomwa kutoka pale programu ilipo? Mlinzi ameikubali? Katika shule yenye kompyuta chache, mashine iliyotangazwa mbovu kwa makosa huwekwa kabatini, na watoto wa miaka mingi huikosa.

Upimaji

Maswali haya yafaa kwa zoezi la mwisho:

1. Kompyuta iitwayo ofisi ina kituo kimoja tu, namba 0. Andika anwani ya skrini yake ya kwanza.
2. Kituo namba 3 husikiliza kwenye mlango wa namba gani?
3. Juma yuko mbele ya kompyuta ya maktaba. Ameanzisha programu katika kompyuta ya ofisi kwa kuipa anwani :0. Dirisha litajaribu kufunguka wapi? Kwa nini?
4. Rehema amepata ujumbe kwamba ruhusa imekataliwa. Mwenzake anamshauri amkaribishe kila mtu. Mpe Rehema ushauri wako.

Swali la tatu ndilo kipimo cha kweli. Anayejibu "maktaba" amekariri. Anayejibu "ofisi" na kueleza kwamba "hapa" ya programu si "hapa" ya Juma, ameelewa.

Hitimisho

Si kila mwalimu atakayepangiwa shule yenye mtandao wa kompyuta, na huenda baadhi ya mifumo tuliyoitaja ikabadilika kabla walimu wanafunzi wa leo hawajawa walimu wakuu. Hata hivyo, fikra iliyomo itadumu: kazi yaweza kufanyika mahali pamoja na kuonekana mahali pengine, na anayetaka kuonekana hana budi kujua pa kwenda na kuwa na ruhusa ya kuingia.

Tulimwona tena mwalimu mwanafunzi yule katika wiki ya mwisho ya mazoezi. Alikuwa amelirudia somo lake, na safari hii alianza kwa kumwita msichana wa mbele aliulize upya swali lake, kwa sauti, darasa zima lisikie.